Stendi ya simu ya shingo au ya kuchomelea? Nimetumia zote mbili kwa stopu mosheni nyumbani, Dodoma

Wadau habari zenu. Hii ni kwa wale mnaotengeneza filamu fupi za stopu mosheni nyumbani au mnatamani kuanza, zile za kupiga picha moja, unasogeza kidoli kidogo, unapiga nyingine, hivyo hivyo mpaka kidoli kinatembea chenyewe. Kila siku naona watu wanaulizana simu gani nzuri, aplikesheni gani, taa gani, na ni maswali ya maana kabisa, ila stendi ya simu hamna anayeiulizia, na kwangu mimi stendi ndo kitu cha kwanza, kabla hata ya simu yenyewe. Simu ya kawaida iliyotulia inakupa filamu inayotazamika. Simu ya milioni mbili inayotikisika inakupa picha inayorukaruka utadhani umepigia ndani ya daladala.

Nimetumia aina mbili. Ya kwanza ni ile ya shingo inayopindika, ya kubana mezani, inauzwa kila kona hapa mjini. Ya pili ni ya chuma, nimechomelewa na fundi wa mtaani kwetu huku Nkuhungu. Naziongelea zote mbili, na vitu vingine vidogo vidogo njiani, maana stendi haifanyi kazi peke yake.

Tunapigia chumbani, mimi na binti yangu na mpwa wangu, na kikosi chetu chote ni vidoli vya plastisini (ule udongo laini wa kuchezea watoto) na vya waya uliovishwa vitambaa. Hadithi ni zile za kwetu, fisi na sungura, mzee wa zeze, na kipande kimoja cha zabibu kutoroka kwenye sinia ambacho watoto wanakipenda kuliko vyote.

Haya, ile ya shingo. Wengi mnaijua, chini ina klampu ya plastiki ya kubana ukingo wa meza, katikati kuna shingo ya chuma cha kujikunja iliyovishwa plastiki, juu kuna kishikio cha simu chenye springi. Mimi nilinunua elfu 15 kwenye duka la vifaa vya simu mjini, muuzaji akaniambia dada hii hata uiache wiki haishuki. Kwa kuangalia mpira ukiwa umejilaza kitandani ni nzuri, kwa kupiga simu za video ni nzuri, hata kwa kurekodi unavyokaanga chapati ukiwa umeielekeza chini inafaa. Kwa stopu mosheni hapana, na nitawaambia kwa nini, maana sio kwamba ni feki, ni kwamba haikutengenezwa kwa kazi hii.

Tatizo lake la kwanza, shingo ile ukiikunja haikai pale pale ulipoiacha, inarudi kidogo. Halafu simu nayo ina uzito, na uzito wenyewe uko mwishoni kabisa mwa shingo ndefu, kwa hiyo inashuka. Haishuki kwa macho. Ukikaa ukaitazama utasema imetulia kabisa, ila baada ya nusu saa imeshuka na wewe hujui, na kwenye video ya kawaida wala usingejua, ila kwenye stopu mosheni ile nusu saa inakuja kubanwa kuwa sekunde tano, na kila kilichoshuka kinaonekana.

Nawapa mfano tulioupata sisi. Kipande cha mzee anayepiga zeze nje ya tembe. Tembe ni la boksi tumelisiriba udongo mwekundu wa hapa hapa, paa bapa kama matembe yenyewe yalivyo, mzee kakaa kwenye kigoda, mkono mmoja umeshika zeze mwingine unakwenda na upinde mbele na nyuma. Kwa hiyo kinachotakiwa kusogea ni ule mkono tu, vingine vyote vimekufa. Sasa kwenye aplikesheni kuna ile sehemu inakuonyesha picha iliyopita kama kivuli juu ya picha unayotaka kupiga, ili ujue umesogeza kiasi gani. Naangalia kivuli, naona ukingo wa paa una mistari miwili, wa picha iliyopita na wa sasa hivi, imepishana upana wa njiti ya kiberiti. Paa halijaguswa na mtu. Nikaangalia kigoda, kimepishana vile vile, na jiwe la nyuma vile vile. Vitu vyote vikipanda juu kwa pamoja maana yake ni moja tu, simu ndo imeshuka. Tulipokuja kucheza kipande chote, mzee anapiga zeze vizuri sana, kazi ya mpwa wangu ile na kaifanya kwa uvumilivu mkubwa, ila nyumba nyuma yake inapaa taratibu. Nilisikia uchungu, kwa sababu mkono ule ulikuwa umekubali haswa.

Tatizo la pili ni kugusa. Kila picha inataka ubonyeze, na ukibonyeza kioo simu inanesa, na shingo ndefu haitulii hapo hapo, inaendelea kucheza sekunde kadhaa. Hili lina dawa, kile kirimoti kidogo cha bluetooth cha kupigia selfi, au uweke aplikesheni ijipigie yenyewe kila baada ya sekunde ulizochagua, wewe kazi yako kusogeza kidoli na kutoa mkono. Lakini dawa hii inatibu kubonyeza tu, kushuka haitibu. Na kuna kitu kingine ambacho watu hawakiwazi, simu ikiita kwa mtetemo. Simu ikitetema kwenye shingo laini inajisogeza yenyewe ndani ya kishikio, ndo basi tena, huirudishi ilipokuwa. Hii hata uwe na stendi ya namna gani, ukianza kupiga weka simu kwenye hali ya ndege, waliokutafuta utawapigia badae.

Hesabu yenyewe iko hivi ili muelewe kwa nini nasisitiza. Ukipiga picha 12 kwa kila sekunde ya filamu, dakika moja ni picha 720. Tuseme una mkono mwepesi, kila picha unatumia nusu dakika, kusogeza, kukagua kivuli, kupiga. Hiyo ni saa 6 za kazi. Simu inatakiwa isisogee hata unywele kwa saa 6, na katikati hapo utaenda kuangalia maharage jikoni, watoto watapita mbio, mlango utabamizwa na upepo. Huu upepo wa Dodoma mnaujua, kuanzia Juni huko mpaka Septemba unavuma mchana kutwa, ukifungua dirisha kitenge ulichotundika kuwa mbingu kinacheza na vumbi linatua kwenye kioo cha kamera, ukifunga dirisha unataka feni, na feni ikielekea mezani shingo inatikisika tena. Kwa hiyo ukija kuniuliza kwa nini nimesumbukia stendi kiasi hiki jibu ndo hilo.

Kama hela ndo hiyo na shingo unayo tayari, usiitupe. Ikunje iwe fupi iwezekanavyo, yaani simu iwe karibu na klampu badala ya kuning'inia mbali, halafu funga kamba imara kutoka karibu na kishikio kwenda juu kwenye msumari wa ukutani au ubavu wa kabati, ikaze, hapo unakuwa umeizuia kushuka. Iache dakika kumi na tano ijishushe yote inayotaka kushuka ndo uanze kupiga. Na usichaji huku unapiga waya ukiwa unaning'inia, waya unavuta. Tumepiga vipande vizuri tu kwa njia hiyo, vya sekunde nne tano. Ila kwa filamu ya dakika mbili tatu, hapana jamani.

Sasa ya fundi. Hii nimeipenda na nitaisifia, maana watu wa mtaani wanafanya kazi nzuri na hawasemwi.

Nilienda kwa fundi anayechomelea mageti na madirisha, nikamwonyesha video moja kwenye simu nikamwambia kaka nataka kitu cha kushika simu isitikisike kabisa, hata mtoto akigonga meza. Hakucheka wala nini. Akaniuliza swali moja la maana sana, simu inatakiwa iangalie mbele au iangalie chini? Nikamwambia mbele mara nyingi, chini mara chache. Akasema basi tusitengeneze mkono mrefu, mkono mrefu ndo unaotikisika, tutengeneze nguzo na mkono mfupi. Mtu hajawahi kuona stopu mosheni maishani ila chuma anakijua, na akaenda moja kwa moja kwenye ugonjwa.

Chini kaweka diski ya breki ya gari, ile iliyokwisha inayouzwa kwenye chuma chakavu. Ni nzito, ni duara, na tayari ina tundu katikati la kusimamishia nguzo. Chini ya diski kachomelea nati tatu ziwe miguu, tatu na sio nne, kwa sababu kitu cha miguu mitatu hakichezi hata sakafu ikiwa na mabonde. Nguzo ni paipu ya skwea ya inchi moja, ndani yake inaingia paipu ya robo tatu inayopanda na kushuka, na pembeni kuna bolti mbili za kuikaba. Moja isingetosha, kwa sababu paipu ya ndani ina nafasi kidogo, ukiikaba kwa bolti moja inapinda upande, ukiikaba kwa mbili inanyooka na kufa hapo. Juu kuna mkono mfupi, kama sentimita 20, na mwisho wa mkono kuna bolti ya kufungia kishikio cha simu. Kapiga grenda kingo zote, kapuliza rangi nyeusi. Vyuma na ufundi jumla elfu 40, kishikio nilinunua mwenyewe elfu 5.

Hapo kwenye bolti ya kishikio sikilizeni vizuri maana ndo sehemu mtakayokwama. Tundu la chini la vishikio vya simu, na la kamera pia, karibu yote duniani ni ya robo inchi, nyuzi 20 kwa inchi. Bolti utakayopewa haraka haraka hadwea ni ya milimita 6. Kwa macho zinafanana kabisa, robo inchi ni milimita 6.35, tofauti ni kama karatasi tatu nne, lakini nyuzi zake hazilingani, inaingia mizunguko miwili inagoma, na ukilazimisha inakula plastiki ya kishikio na hutaki hilo litokee. Beba kishikio chako nenda nacho dukani, sema bolti ya robo inchi, jaribu kwa vidole pale pale kabla ya kulipa. Ikizunguka laini mpaka mwisho ndo yenyewe. Na umwambie fundi asiichomelee kwanza mpaka ujaribishe simu, maana bolti ikichomelewa imelala upande, simu itakuwa imelala upande maisha yake yote.

Matokeo. Kivuli kwenye aplikesheni kimekuwa mstari mmoja. Tumerudia kile kipande cha mzee wa zeze, kuanzia picha ya kwanza mpaka ya mwisho ukingo wa paa umekaa pale pale, na kwa mara ya kwanza unamwona mzee badala ya kuona nyumba. Mkono unakwenda, kidevu kinafuata kidogo, na pale upinde unapogeuza njia mpwa wangu kaweka picha mbili zinazofanana ili mkono upumue kabla haujarudi. Kitu kidogo sana hicho, ila kwenye stendi inayocheza kisingeonekana kamwe.

Kipande cha zabibu nacho kimekubali. Zabibu zinatoka kwenye sinia moja moja, ya kwanza inachungulia ukingo, inarudi, inachungulia tena, ndo zinafuatana. Pale simu inaangalia chini kwa mshazari, na mkono mfupi umebeba bila shida. Kazi ilikuwa kwenye zabibu zenyewe, chini ya taa zinanywea, kwa hiyo tulikuwa na nyingine kwenye friji za ukubwa ule ule, tunabadilisha kabla hazijaonekana zimechoka. Msimu zikiwa za bei poa kipande kama hiki hakikugharimu kitu, na mwisho wa kazi waigizaji wanaliwa.

Ila stendi ina mapungufu, lazima niseme. Ni nzito kweli kweli, huibebi kwenda nayo kijijini au shuleni kwa watoto. Kupandisha na kushusha inataka spana, sio kwa vidole, japo nimeshamwambia fundi safari nyingine aweke nati zenye masikio. Kupiga kutoka juu kabisa, simu ikiwa imelala inaangalia meza, haiwezi kwa sababu ya ule mkono mfupi, na wanaofanya katuni za kukata karatasi hiyo ndo wanayoihitaji kuliko zote. Kwa hao namna ya stendi inabadilika, wanataka nguzo mbili, moja kila upande, na paipu imelala juu kati yake, simu inakaa katikati. Fundi kaniambia inawezekana kwa chuma kile kile, bei itapanda kidogo kwa sababu ya nguzo ya pili.

Kitu kimoja kingine kuhusu kutulia ambacho hakihusu stendi moja kwa moja. Stendi na jukwaa la vidoli viweke juu ya ubao mmoja mnene. Stendi ikiwa chini sakafuni na vidoli viko mezani, mtu akigonga meza vidoli vinahama na kamera imebaki, filamu imekatika. Vikiwa juu ya ubao mmoja vinahama pamoja na kamera haijui kitu. Na vidoli navyo vishikwe chini. Studio kubwa kama Aardman ya Bristol kule Uingereza wanafunga miguu ya vidoli kwa skrubu kupitia matundu ya jukwaa. Sisi tunatumia sumaku, tumetandika bati bapa juu ya ubao, tukalipaka udongo, na kila mguu wa kidoli una kisumaku kutoka kwenye earphone zilizokufa. Kidoli kinasimama kwa mguu mmoja huku kinanyanyua mwingine, bila hiyo fisi wetu hawezi kunyata.

Taa nitapita haraka. Jua la dirishani ni zuri kwa picha moja ila wingu likipita picha inayofuata ni nyeusi, na ukipiga saa nzima jua limehama na vivuli vimehama nalo. Funga dirisha, weka pazia zito, tumia taa mbili za LED, au piga usiku. Balbu za bei rahisi zinapepesa na jicho halioni ila kamera inaona, umeme wetu ni hezi 50 na balbu inapepesa mara 100 kwa sekunde, kwa hiyo kama simu yako inakuruhusu kuchagua kasi ya kupiga weka 1/50 au 1/100 ya sekunde, ile michirizi inaondoka. Mwanga, rangi na fokasi vifunge visijirekebishe vyenyewe, kama simu yako inaruhusu, sio zote zinaruhusu. Umeme ukikatika katikati ya kipande msiendelee na taa ya kuchaji, betri inavyopungua mwanga unapungua nao na filamu inaenda inazama gizani. Subirini. Stendi ya chuma itakuwa pale pale umeme ukirudi, na hii nayo ni sababu nyingine ya kuipenda. Na vaeni nguo nyeusi au za rangi iliyopoa mkiwa mnapiga, shati jeupe linarudisha mwanga kwenye jukwaa, kila ukisogea vidoli vinawaka na kuzima.

Aplikesheni tunayotumia ni Stop Motion Studio ya kampuni ya Cateater, ipo ya Android na ya iPhone, unaipakua bure halafu vya ziada unalipia, na lipo toleo la Pro la kulipia. Kwa anayeanza ya bure inatosha kabisa, nasema hivyo kwa sababu kuna watu wanakimbilia kulipia kabla hawajamaliza hata filamu moja. Ninavyovitegemea ni kile kivuli cha picha iliyopita, kujipigia yenyewe kwa muda, na kuchagua picha ngapi kwa sekunde. Filamu za sinema zinakwenda fremu 24 kwa sekunde, na watu wa stopu mosheni miaka yote wanapiga picha moja wanaiacha ikae fremu mbili, ndo unapata 12. Kwa fisi kunyata 12 ni safi. Kwa kitu cha haraka, jiwe kurushwa, mtu kudondoka, hapo kidogo ongeza picha, la sivyo macho yanaona linaruka. Projekti zako zinakaa ndani ya simu, ukifuta aplikesheni zinaondoka nayo, kwa hiyo kila mkimaliza kipande kitoe kihifadhini sehemu nyingine.

Nje ya mada kidogo ila wa Dodoma wataelewa. Udongo wa mfinyanzi wa kawaida kwa hewa yetu kavu unapasuka mkononi, kidoli asubuhi kina uso mchana kina nyufa. Plastisini haikauki kwa sababu ina mafuta, ila joto la Oktoba na Novemba inalegea, mkono ulionyanyuliwa unashuka wenyewe. Iweke kwenye friji kidogo kabla ya kupiga, au ndani ya mkono pitisha waya. Waya wa kufungia nondo unafaa kuanzia ila ukipindwa mara nyingi unakatika, chukua mbili uzisokote pamoja zinadumu zaidi.

Alama zangu sasa. Stendi ya shingo kwa stopu mosheni naipa 2 kati ya 5, na hizo mbili ni kwa sababu ukiifunga kamba unaweza kujifunzia, na bei yake mtoto wa shule anaweza kuichanga. Stendi ya fundi naipa 4 na nusu, ile nusu nimekata kwa ajili ya spana na kutokuangalia chini. Zile tripodi za alumini za miguu mitatu zinazouzwa na taa ya duara sijaziweka kwenye alama kwa sababu yangu naitumia kushikia taa tu, na kwa kushikia taa iko vizuri.

Kama mnataka kufanya mpango na fundi wa kwenu, popote mlipo, Makole, Chang'ombe, Ipagala, mafundi wa mageti wapo kila mtaa, nendeni na vitu hivi mkononi: simu yenyewe ikiwa na kava lake kama huwa hulitoi, kishikio, na kipimo cha urefu kutoka juu ya meza mpaka kwenye macho ya kidoli chako kikiwa kimesimama. Hicho kipimo cha macho ndo muhimu, kwa sababu kamera ikiwa usawa wa macho ya kidoli, kidoli kinakuwa mtu, na ikiwa juu yake kinabaki kidoli. Chetu macho yako sentimita 18, kwa hiyo nilimwambia fundi mkono ushuke mpaka 12 na upande mpaka 45. Mwambie ajaribu kushusha mpaka chini kabisa kabla hajapuliza rangi, maana wengi wanapima kwenda juu tu.

Mwenye stendi ya nguzo mbili ya kupigia kutoka juu atuwekee picha na bei aliyochomelewa, binti yangu anataka kuanza katuni za karatasi na fundi anasubiri vipimo.